Mji wako unarusha nini?

Signora ninayemtunza ana swali moja tu kila nikirudi kutoka kwenye karnivali ya mji mwingine. Haulizi watu walikuwa wangapi, wala kama nimekula. Anangoja nivue koti, anapunguza sauti ya televisheni, halafu: "Haya, wamekurushia nini?"

Tupo Ivrea, mkoa wa Piemonte, pale Mto Dora Baltea unapotoka milimani na kuanza kutulia. Yeye alizaliwa hapa, akafanya kazi kiwanda cha Olivetti enzi za taipureta, na sasa miguu yake haimfikishi mbali zaidi ya roshani. Mimi ni badante wake: naishi naye, napika, nampa dawa kwa saa, nagombana naye juu ya chumvi. Mapumziko yangu ni Jumapili, pamoja na Alhamisi mchana. Kwa hiyo karnivali za Italia nimezijua kwa ratiba ya treni za Jumapili, na mji ambao treni yake ya mwisho huondoka mapema siujui mpaka leo.

Swali lake lilinichekesha mwaka wa kwanza. Siku hizi naona hakuna swali bora. Muulize Mwitaliano yeyote, atakuambia karnivali ni ileile nchi nzima: jina lenyewe limetokana na kuondoa nyama, watu wanakula na kupiga kelele hadi Jumanne ya mwisho, Jumatano wanapakwa majivu, Kwaresima inaanza. Vizuri. Lakini shuka kituoni mji wa pili uone kama utakikuta hata kimoja ulichokiacha mji wa kwanza.

Nilianza kazi hapa Januari 2017. Mwezi uliofuata, Alhamisi kabla ya Jumanne ile ya mwisho, binti yake Signora alileta kofia nyekundu ndefu kama soksi, ncha yake inalala begani. "Kuanzia leo mchana usitoke bila hii." Nikadhani ni pambo, kama kofia za Krismasi. Nikaivaa kwa adabu.

Jumapili asubuhi nikaenda kuangalia. Kitu cha kwanza kilichorushwa siku ile kilikuwa jiwe. Kiongozi wa sherehe, aliyevaa mavazi ya zamani, alisimama juu ya daraja la Ponte Vecchio akatupa mtoni jiwe lililotoka kwenye magofu ya ngome ya mtawala dhalimu, ishara kwamba mji umemkataa milele. Jirani zetu wakatulia kama wako kanisani. Baada ya hapo wakaenda kula maharage. Yamepikwa usiku kucha kwenye masufuria ya shaba makubwa, pamoja na ngozi ya nguruwe na soseji, na mtu anayekoroga anatumia mwiko ambao ungeweza kuupigia kasia.

Hadithi ya dhalimu huyo Signora huisimulia kana kwamba alikuwepo. Mtawala alidai kulala na kila bibi harusi usiku wa kwanza. Violetta, binti wa msaga nafaka, akaingia ngomeni na kisu kwenye nguo, akatoka na kichwa cha mtawala. Watu wakaichoma ngome. Kila mwaka mwanamke mmoja wa mjini anachaguliwa kuwa Mugnaia, yaani Violetta mwenyewe, na jina lake ni siri mpaka Jumamosi usiku anapotokea kwenye roshani ya ukumbi wa mji amevaa nyeupe. Mugnaia wa kwanza alitokea mwaka 1858. Anapita akiwa juu ya gari la dhahabu, anarusha peremende na maua ya mimosa. Nilidaka peremende mbili. Nikasema moyoni, kumbe sherehe yenyewe ni tamu.

Kisha, mchana, yakaja machungwa.

Sijui niyaeleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kusimama pale. Gari linavutwa na farasi, ndani yake wapo watu waliovaa helmeti nzito zenye pamba ndani na vyuma usoni. Hao ni walinzi wa dhalimu. Chini uwanjani wapo mamia, bila kinga yoyote, shati limefunguliwa na mfuko kifuani umejaa machungwa. Hao ni wananchi. Gari likisimama, hakuna kuhesabu moja mbili. Wanarusha kwa mikono yote miwili. Chungwa likipiga helmeti hutoa mlio mzito, kama mtu anayekung'uta godoro. Likipiga shavu la mtu aliye chini hutoa mlio mwingine, ambao utaujua ukiusikia. Timu zinazorusha kutoka chini ni tisa, kila moja na rangi zake. Ile ya kwanza, Asso di Picche, iliundwa 1947. Kabla ya hapo, anasema Signora, wasichana walikuwa wakirusha maharage, maua na machungwa kutoka kwenye roshani ili kijana fulani aliye kwenye gari la farasi anyanyue macho. "Yalianza kwa mapenzi," anasema, "na bado ni mapenzi, ila sasa yanavunja pua."

Ardhi yote inageuka uji: maganda, juisi, samadi ya farasi. Ile harufu inakaa kwenye koti hadi Pasaka. Na jambo lililonishangaza kuliko damu za puani ni gari linapoondoka. Yule aliyekuwa akimlenga mwenzake usoni dakika moja iliyopita anamnyooshea mkono juu, wanashikana, wanapongezana. Gari linalofuata linaingia, wanaanza upya.

Sasa, ile kofia. Kofia nyekundu ni tamko: niko upande wa wananchi, ila simo vitani, usinilenge. Ukikutwa bila kofia, usimlaumu mtu. Mimi nilikuwa nayo, nimesimama nyuma ya wavu, na bado chungwa moja lilipitia juu likanishukia kwenye mfupa wa bega. Kofia inamzuia mtu. Chungwa lililopotea njia halisomi kofia. Nilirudi nyumbani nimejishika bega. Signora alicheka mpaka akakohoa, akaniambia nilete barafu, akaniuliza lile swali kwa mara ya kwanza: "Walikurushia nini?" Kana kwamba hanioni.

Marehemu mumewe alikuwa akirusha na Tuchini, timu ya Borghetto, ng'ambo ya mto. Wengine wote kwake ni watu wazuri tu.

Mwaka 2018 nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikaenda Viareggio, pwani ya Toscana, kwa rafiki yangu anayefanya kazi kama yangu. Huko unakata tiketi, unaingia barabara ya ufukweni kama unaingia uwanja wa mpira. Mizinga mitatu inalia, na ghafla kona ile inatokea sura ya mwanasiasa yenye ukubwa wa nyumba ya ghorofa. Macho yanazunguka. Mdomo unafunguka. Nyuma yake bahari imetulia, na milima ina theluji, na hakuna anayeitazama.

Magari hayo hufika urefu wa mita 20, na karibu yote yanayoonekana ni karatasi. Wanaiita cartapesta. Rafiki yangu alinipeleka Cittadella, kule kwenye mabanda makubwa yaliyofunguliwa 2001 ambamo magari hutengenezwa, na fundi mmoja alituruhusu kuchungulia. Unafinyanga sura kwa udongo. Unamwaga plasta juu yake upate umbo la ndani. Kisha unabandika gazeti ndani ya plasta, kipande juu ya kipande, kwa gundi ya unga na maji. Uji, kwa lugha ya jikoni kwangu. Likikauka unalibandua, na mkononi una pua yenye urefu wa mita moja ambayo mtoto anaweza kuibeba. Viareggio wamefanya hivi tangu 1925. Zamani walitumia mbao, kitambaa na plasta, na gari likawa zito kama kanisa. Nilisoma pua hiyo kwa ndani, matokeo ya mpira na tangazo la matairi. Inanifurahisha mpaka leo kwamba kichwa cha waziri kimejengwa kwa magazeti ya wiki jana.

Karnivali ya Viareggio ilizaliwa 1873, gwaride la magari yenye maua, na inasemekana baadhi ya wenye mali walijitokeza na barakoa kulalamikia kodi. Tabia hiyo haijawatoka. Ivrea wanamkataa dhalimu aliyekufa karne nyingi zilizopita. Viareggio wanamcheka aliyepo, kwa jina, na kesho yake anaweza kuja kupiga picha chini ya kichwa chake mwenyewe.

Walinirushia karatasi. Coriandoli, vile vipande vidogo vya duara vya rangi. Neno lenyewe linatokana na giligilani, kwa sababu zamani zilikuwa ni mbegu za giligilani zilizovikwa sukari, karatasi ikaja baadaye kwa sababu ni rahisi. Nilivikuta kwenye viatu, kwenye sidiria, kwenye pasi yangu ya kusafiria. Signora alikiokota kimoja kwenye zulia, akakiweka kwenye kiganja, akakipuliza. "Ndiyo hii tu?" akasema.

Hapa niseme kidogo juu ya vitafunio, maana ndivyo vilivyotugombanisha. Ni unga, mayai na siagi, unakandwa, unasukumwa mwembamba, unakatwa vipande, unakaangwa, unanyunyiziwa sukari ya unga. Kitu kimoja kabisa nchi nzima. Ivrea ni bugie, yaani uongo. Viareggio niliviitisha kwa jina hilo, muuzaji akanikazia macho: kule ni cenci, matambara. Milano ni chiacchiere, porojo. Roma ni frappe, Venezia ni galani. Niliporudi nikasema kwa bahati mbaya "cenci" mbele ya Signora. Alikaa kimya hadi chakula cha jioni, kisha akasema yeye hajawahi kula tambara maishani mwake na hataanza leo.

Februari 2019 ilikuwa zamu ya Venezia. Niliondoka gizani, nikabadilisha treni Chivasso, na nilipofika Piazza San Marco malaika alikuwa ameshateremka. Huyo alikuwa msichana aliyeshushwa kwa kamba kutoka juu ya mnara wa kengele. Desturi hiyo ilianza karne ya 16, mwanasarakasi Mturuki alipopanda juu ya kamba kutoka mashuani hadi mnarani. Baada ya ajali ya 1759 wakaona bora washushe njiwa wa mbao, na njiwa huyo alimwaga maua na vipande vya rangi juu ya watu. Mimi nilikuta watu tu. Nimewahi kubanwa kwenye umati, lakini ule ulikuwa na upole wa ajabu, kila mtu amenyanyua simu na kila mtu anaomba radhi.

Wanaovaa wanasimama. Ndivyo kazi yao ilivyo. Hariri, manyoya, uso mweupe usiotikisika, wanageuza shingo taratibu upate picha, wanasonga hatua tatu, wanasimama tena. Wengi niliowasikia wakinong'ona walikuwa wakiongea Kifaransa na Kijerumani. Hakuna aliyenigusa wala kunisemesha kutwa nzima. Nilianza kutamani chungwa.

Kilichoniokoa ni duka moja la barakoa kwenye uchochoro, mbali na uwanja. Mwenye duka alikuwa anabandika karatasi ndani ya umbo la plasta, kwa gundi, kipande juu ya kipande, nikamwambia nimeona pua ya mita moja ikitengenezwa hivyo hivyo Viareggio. Akacheka, akanipa kiti. Akanieleza kwamba karnivali yao ilizimwa Jamhuri ya Venezia ilipoanguka mwaka 1797, na haikurudi rasmi mpaka 1979, kwa hiyo yeye ana umri mkubwa kuliko sherehe anayoitafutia riziki. Kisha akanipa nijaribu moretta. Ni duara jeusi la mahameli, halina mdomo, halina ugwe. Ndani kuna kifungo. Unakiuma kwa meno, na barakoa inakaa. Wanawake wa Venezia walivaa hivyo, na ukiivaa huwezi kusema neno bila kuidondosha. Nilikaa nayo kama dakika mbili. Taya zilianza kuuma, mate yakajaa, na nilijiona kwenye kioo: sina uso, sina sauti, macho tu. Yeye akawa ananisemesha makusudi. Nikacheka, ikadondoka mapajani.

Zamani, akaniambia, kulikuwa na vijana waliovaa kichekesho na kurusha mayai yaliyotolewa kiini na kujazwa maji ya waridi. Nilimpelekea Signora habari hiyo kama zawadi. "Lakini wewe, walikurushia nini?" Hakuna, nikasema. "Basi hukwenda karnivali. Ulikwenda kwenye maonyesho ya nguo."

Sikubaliani naye kabisa. Ile moretta bado naiota.

Mwaka huohuo nilikwenda Milano siku ambayo kwetu Kwaresima ilishaanza, na hilo ndilo jambo pekee la kusema kuhusu Milano. Wao wanafuata utaratibu wa Mtakatifu Ambrogio, askofu wao, na karnivali yao inaendelea hadi Jumamosi baada ya Jumatano ya Majivu. Wanasimulia kwamba alikuwa safarini akawaomba wamsubiri, na wao wakamsubiri kwa kula. Nilisimama Piazza Duomo kati ya watoto waliovaa kama nyuki, wakinimwagia karatasi na povu la kopo, huku Ivrea wenzangu wameshakula polenta, ugali wao wa mahindi, na samaki wa merluzzo na kusahau. Unasafiri kwa treni muda wa saa mbili tu na dhambi inageuka ruhusa. Kuhusu Fano, kwenye Bahari ya Adria, najua kwa simu ya mwenzangu: huko magari yanamwaga chokoleti na peremende kwa wingi, na watu huja na makoni makubwa ya karatasi ya kudakia. Maandishi yao yanaitaja karnivali tangu 1347. Signora aliposikia chokoleti alikubali kwamba wanajua kurusha, ila wanarusha kwa moyo laini.

Mamoiada sitaisahau. Ni kijiji cha Sardegna, ndani milimani, na karnivali yao inaanza katikati ya Januari, sikukuu ya Mtakatifu Antonio, mioto ikiwashwa mitaani. Nilichukua likizo Januari 2020, nikapanda basi kutoka Nuoro na rafiki, baridi kali. Hakukuwa na tiketi, hakukuwa na jukwaa, hakukuwa na muziki. Tulisimama tu ukutani na wazee. Kisha ukasikika mlio mmoja mzito kutoka chini ya barabara. Kimya. Mlio mwingine.

Mamuthones ni wanaume 12 katika mistari miwili. Ngozi nyeusi ya kondoo, kinyago cheusi cha mbao chenye huzuni, na mgongoni kengele zinazokaribia kilo 30, zimefungwa kwa mikanda mpaka kifua kinabanwa. Wanaruka kidogo, bega moja mbele, wote pamoja, na kengele zote zinapiga mara moja. Hawasemi. Wanaowaangalia nao hawasemi. Pembeni wapo Issohadores, makoti mekundu, wepesi, mkononi kamba ya nyasi iliyosokotwa. Mmoja alipita mbele yetu hata hakunitazama. Nilisikia upepo tu, kisha kamba ikawa mabegani mwangu, ikakaza, nikavutwa hatua moja barabarani. Alikuwa na uso mweupe wa kinyago na macho ya kijana. Akalegeza, akaendelea. Bibi mmoja aliyesimama karibu nami akanishika mkono, akasema hiyo ni bahati njema, nikamnunulie mtu divai. Nikanunua.

"Walinirushia kamba," nilimwambia Signora. Alikaa muda. "Mimi hiyo sijawahi," akasema, na hakuongeza neno.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili tarehe 23 Februari, machungwa yaliruka Ivrea kama kawaida. Jioni ileile ikatoka amri ya virusi vya korona, na karnivali ikasimamishwa siku mbili kabla ya mwisho wake. Venezia nayo ikafungwa jioni hiyohiyo. Kwa Signora hasara haikuwa machungwa ya Jumatatu, ni mazishi ya Jumanne. Usiku wa Jumanne karnivali hapa huzikwa: Jenerali wa sherehe na maofisa wake wanashuka farasi, wanatembea kwa miguu, panga zinaburuzwa juu ya mawe ya barabara, filimbi na ngoma zinapiga wimbo wa kuagana, na watu wanaambiana kwa lahaja ya Piemonte, tuonane Alhamisi saa saba mchana. Yaani Alhamisi ya mwaka ujao. Jumanne ile tulifungua dirisha. Hatukusikia panga.

Februari 2021 hapakuwa na karnivali kabisa. Jumapili ambayo ingekuwa ya vita, mji ulikuwa mtupu, hata samadi hakuna. Nilikuwa nakaanga bugie. Signora aliniita kutoka kwenye roshani, amejifunga blanketi, na mapajani ana bakuli la machungwa niliyonunua kwa ajili ya vitamini.

"Shuka uani," akasema.

Nikashuka. Nilikuwa nimevaa kofia nyekundu tangu asubuhi, kwa heshima tu, kama mtu anavyovaa nguo nzuri siku ya msiba. Nikasimama katikati ya ua, karibu na gari la jirani, nikamtazama juu. Alikuwa ameshika chungwa moja, analipima uzito, analigeuza mkononi.

"Vua kofia," akasema.